UZI: Majimaji ya mbawakawa yanayoua vijidudu. Tumefika wapi, na wa kwetu je?

Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi maabara ya hospitali, upande wa kuotesha bakteria. Usaha au mkojo wa mgonjwa ukiletwa tunaotesha, kisha tunawapaka bakteria wake juu ya sahani na kupanga vikaratasi vya mviringo, kila kimoja na dawa yake. Sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35. Asubuhi dawa inayofanya kazi unaiona kwa macho: kikaratasi kimezungukwa na duara safi ambamo hakuna kilichoota. Dawa iliyoshindwa, bakteria wameota mpaka wamekigusa kikaratasi. Zamani sahani isiyo na duara hata moja ilikuwa inatufanya tuitane kuitazama. Siku hizi tunaandika majibu na kuchukua inayofuata. UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, nauona kazini kila wiki, na wodini kuna mtu anasubiri hayo majibu.

Ndiyo maana nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu mbawakawa. Nasema wadudu wale wenye mbawa za mbele ngumu, zinazofunika zile za kurukia. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 400,000. Wanaishi kwenye mavi, mizoga, unga, tope la madimbwi, magogo yanayooza, yaani palepale ambapo bakteria na ukungu wamejazana. Wengi wana tezi zinazotoa majimaji makali. Tumezoea kudhani majimaji hayo ni ya kumfukuza ndege au siafu tu, lakini adui wa mdudu ni pamoja na ukungu unaoota juu ya ganda lake na bakteria wanaomgombania chakula, na majimaji hayohayo huwakabili hao pia.

Nianze na mmoja ambaye habari zake zinatugusa sana sisi. Ni mdudu kibibi wa Asia, *Harmonia axyridis*. Kwao ni Asia ya mashariki. Kwa kuwa ni mlaji hodari wa vidukari, Wamarekani walimwachia mashambani kwa mara ya kwanza mwaka 1916. Ilichukua miongo mingi kushika makazi, lakini aliposhika hakuzuilika tena. Yuko Ulaya, yuko Amerika ya Kusini, yuko Afrika Kusini. Kenya alirekodiwa 2010, baadaye na Unguja.

Ukimgusa anakunja miguu, na kwenye maungio ya magoti yanachomoza matone madogo ya rangi ya machungwa. Ile ni damu yake mwenyewe, anaitoa kwa makusudi. Ina uchungu, ina harufu nzito kama ya jani bichi lililopondwa, na inaacha doa la manjano kwenye kidole. Ndani ya tone hilo mna kemikali inayoitwa harmonini.

Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani, akiwemo Andreas Vilcinskas wa Giessen, walichapisha matokeo ya kuijaribu. Harmonini ilizuia ukuaji wa *Mycobacterium tuberculosis*, bakteria wa kifua kikuu. Ikawazuia pia *Plasmodium falciparum*, vimelea wa malaria kali, na hapo ndipo niliposoma mara mbili. Iliwapiga katika hatua zaidi ya moja: wale wanaozaliana kwenye chembe za damu na kutuletea homa, na gametosaiti pia, ambao ndio mbu anaowanyonya na kuwapeleka kwa mtu mwingine. Anayeujua ugonjwa huu anaelewa uzito wake. Dawa nyingi zinamaliza homa, mgonjwa anarudi shambani, huku gametosaiti bado wamo kwenye damu yake wanasubiri mbu. Na artemisinini, dawa kuu ya malaria siku hizi, nayo imeanza kulegea: vimelea wenye usugu wa kiasi wamethibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu Kagera.

Mwaka 2019 ukaja utafiti mwingine kutoka hukohuko Ujerumani, safari hii kwa minyoo wa kichocho cha tumbo, *Schistosoma mansoni*. Minyoo hawa hukaa wawiliwawili, jike ndani ya mkunjo wa mwili wa dume, na jike asipokuwa na dume hakomai kutaga. Walipowekewa harmonini walidhoofika, jozi zikaachana, mayai yakapungua.

Malaria, kifua kikuu na kichocho, kwa kemikali moja ya mdudu kibibi. Haya ni matokeo ya maabara, na harmonini si dawa iliyoidhinishwa popote. Ninachotaka tujadili ni hiki: wadudu hawa wana nini hasa, wanakitumiaje, na kwa nini magonjwa ni yetu, wadudu tunao, halafu tone linachunguzwa mbali na sisi. Karibuni, hasa wenye mashamba na wenye fani.

MamaKunde

Asante kwa uzi mwanangu. Mimi nalima kunde na maharage, Kilosa. Wadudu vibibi ninao wengi, weusi wenye mabaka mekundu, na hayo matone nayajua maana yananuka mkononi mpaka unawe. Ndio hao hao? Na kama wana dawa ndani, mbuzi wangu mmoja ana kidonda mguuni hakiponi, nikiwakamulia humo kuna ubaya?

Darubini

Shikamoo mama. Weusi wenye mabaka yaliyopinda kama mwezi mwandamo, hao yaelekea ni *Cheilomenes lunata*, wa kwetu wa asili. Nao wanatoa damu magotini vilevile, ila kila spishi ina mchanganyiko wake wa kemikali, usihesabu kwamba una harmonini. Waache wakulie vidukari, hiyo peke yake ni msaada mkubwa kwenye kunde.

Kuwakamulia kwenye kidonda, hapana mama, tena nasisitiza. Kwanza hujui ni kiasi gani unaweka. Pili, tone si safi. Kuhusu huyo wa Asia kuna jambo kubwa liligunduliwa mwaka 2013. Watafiti walikuwa wanajiuliza kwa nini akifika mahali, vibibi wenyeji wanapungua. Walishuku harmonini. Wakamdunga kibibi mwenyeji wa Ulaya, mwenye madoa saba, harmonini peke yake: hakufa. Wakamdunga damu ya huyo mgeni: akafa. Walipoitazama damu kwa darubini wakakuta imejaa vimelea wadogo mno wa kundi la mikrosporidia. Mgeni anaishi nao bila kuugua, mwenyeji akimla yai au kiluwiluwi wake wanamuua. Kwa hiyo katika tone lilelile dawa imo na ugonjwa umo. Mbuzi wako msafishie kidonda kwa maji ya chumvi, na mwite mtaalamu wa mifugo akitazame.

Tukiwa kwenye mikrosporidia: mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, walitangaza kwamba kuna mikrosporidia wanaoishi ndani ya mbu *Anopheles arabiensis* wa Kenya, na mbu akiwa nao hapokei vimelea vya malaria. Kundi moja la vimelea, huku linaua vibibi, kule linatukinga sisi. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kazi ya aina hii inawezekana hapa hapa kwetu.

KivumbiKagera

Mkuu vipi yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, Wakenya wanamwita nairobi flai? Mvua zikizidi anajaa kwenye taa, ukimponda shingoni asubuhi una malengelenge utadhani umeungua. Ile asidi yake haiwezi kuua bakteria?

Darubini

Swali zuri kaka. Huyo naye ni mbawakawa, jenasi *Paederus*, ingawa jina linamwita nzi. Haumi wala hachomi, na kinachounguza si asidi. Kinaitwa pederini, kimo kwenye damu yake, kinatoka ukimponda.

Kinachonisisimua ni kwamba pederini hatengenezi yeye. Mwaka 2002 Jörn Piel na wenzake Ujerumani walionyesha kuwa jeni za kuitengeneza ni za bakteria wanaoishi ndani ya mdudu, ndugu wa *Pseudomonas* tunaowaona kwenye vidonda vya moto. Jike anarithisha bakteria hao kupitia mayai, na pederini kwenye mayai na viluwiluwi inawafanya buibui wawateme.

Kuhusu kuua vijidudu: pederini inazuia chembe zisitengeneze protini, na inafanya hivyo kwa chembe zenye kiini, kama zetu. Ndiyo maana ngozi inababuka, na ndiyo maana waliotamani kuitumia waliitazama zaidi upande wa saratani. Kwa kidonda chenye bakteria ingemuumiza mwenye kidonda. Na ukitaka kuelewa ugumu wa kupata kemikali za wadudu, fikiria hili: Waitaliano walioichuja mwanzoni, miaka ya 1950, walitumia *Paederus* takriban milioni 25 kutoka mashambani.

Akikutua usimponde, mpulize aondoke. Ukishamponda osha haraka kwa sabuni na maji mengi, na usishike macho kabla hujanawa. Malengelenge hayatokei papo hapo, huja baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu wengi hawakumbuki walimponda wapi.

FundiGhala

Mimi ni wa maghala, miaka mingi. Wale wekundu wadogo wa kwenye unga, si fukusi wala dumuzi, wale wanaokuja unga ukikaa. Wakizidi, unga unageuka rangi kidogo kama wa waridi na unanuka dawa. Wateja wanasema tumeweka sumu, kumbe hatujaweka chochote. Hayo ndiyo majimaji mnayosema?

UkunguMweupe

Hapo naomba nijibu mimi kwa ruhusa ya mwenye uzi, maana ndiyo kazi yangu. Ndiyo mzee wangu, umeona sawasawa. Huyo ni *Tribolium castaneum*. Mkubwa wake ana tezi kifuani na tumboni, zinatoa benzokinoni. Kinoni hizo ndizo zinazobadilisha rangi na harufu ya unga. Viluwiluwi hawana tezi hizo, ni wakubwa tu. Na kazi yake si kujikinga na panya peke yake: zinazuia ukungu na bakteria kwenye unga anamoishi, kwa hiyo anajitengenezea mazingira yake na ya watoto wake. Unga uliofikia hali hiyo usiuze wala usile, kinoni si kitu cha kuingia tumboni.

Sasa mimi nafanya kazi na ukungu unaotumika kama kiuatilifu, *Beauveria bassiana*. Mbegu za ukungu zinatua kwenye ganda la mdudu, zinaota, zinatoboa, anakufa, kisha anavaa ukungu mweupe mwili mzima. Kwa wadudu wengi unafanya kazi nzuri. Kwa hawa wa unga ni shida, kwa sababu ganda lao limelowa kinoni na mbegu zinashindwa kuota.

Lakini ukungu nao haukukaa tu. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Argentina na Marekani iliyoonyesha kuwa *Beauveria* ina kimeng'enya cha kuvunja benzokinoni. Walipoiondoa jeni ya kimeng'enya hicho, ukungu ukazidi kushindwa mbele ya mbawakawa wa unga. Walipoizidisha, ukawaua zaidi. Mdudu anaongeza sumu, ukungu unaongeza cha kuivunja, na hayo yamekuwepo kabla hata ya binadamu kujenga ghala la kwanza.

Darubini, nakuunga mkono kwenye uzi huu, ila hili naomba tulizingatie sana. Usugu haukuanzia hospitalini kwenu. Chochote tutakachokitoa kwa mbawakawa, kuna kiumbe mahali fulani ameshakutana nacho na huenda ana jibu lake tayari.

RafuYaDawa

Nimeuza dawa miaka kumi na kitu, niongeze la upande wangu.

Chukua chupa ya dawa ya maji ya mtoto, soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta methilparabeni. Ni ya kuzuia ukungu na bakteria wasiote kwenye dawa ikishafunguliwa. Basi kemikali hiyo hiyo ilipatikana kwenye tezi za nyuma za mbawakawa mkubwa wa majini wa Ulaya, *Dytiscus marginalis*, pamoja na asidi ya benzoiki ambayo nayo tunaitumia kuhifadhi vyakula. Aliyezichambua alikuwa Hermann Schildknecht wa Heidelberg. Mdudu huyo anatoka majini, anajipaka majimaji hayo mwilini kwa miguu, mpaka na sehemu anazopumulia, halafu anarudi majini. Asipofanya hivyo vijidudu vya dimbwi vinamwotea.

Mwingine ni mbawakawa mlipuaji. Yeye anahifadhi hidrojeni peroksaidi, ile tunayouza ya kuoshea vidonda, pamoja na hidrokinoni. Akivichanganya kwenye chumba chenye vimeng'enya vinalipuka kupitia nyuma kwa joto la nyuzi 100. Thomas Eisner na Daniel Aneshansley wa Cornell walilipima mwaka 1969. Binafsi naona hawa walitutangulia kwenye rafu.

HesabuKali

Naheshimu mchango wa kila mmoja lakini niseme ukweli wangu. Kila mwaka tunasomewa habari kwamba kitu fulani kimeua bakteria kwenye sahani. Mwarobaini umeua, kitunguu saumu kimeua, sasa mbawakawa. Jiki inaua bakteria wote kwenye sahani na hakuna anayeinywa. Kati ya kuua kwenye sahani na kumponya mtu pana njia ndefu, na vingi vinafia njiani. Mtu anayesoma hapa huku mtoto wake ana kifua kikuu atapata nini?

Darubini

HesabuKali, hoja yako ni ya msingi na nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Mwenye kifua kikuu ameze dawa za miezi sita anazopewa bure kituoni, amalize. Katika uzi huu hakuna kitakachochukua nafasi ya hizo.

Na benzokinoni kweli iko upande wa jiki. Inashika protini yoyote inayokutana nayo, ya bakteria, ya ukungu, ya jicho lako. Mdudu mwenyewe anaitengenezea ndani ya tezi yenye ukuta maalumu isimuue. Kitu kama hicho kinafaa labda kusafishia sakafu, hakiingii mwilini.

Lakini si mbawakawa wote wanaopigana hivyo, na hapa ndipo naomba univumilie, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kuna mbawakawa mzikaji, *Nicrophorus vespilloides*. Huku kusini mwa Sahara hatunaye, ni wa Ulaya na Asia. Dume na jike wakipata mzoga wa panya au kindege, wanauzika. Wanaunyonyoa manyoya, wanauviringisha kuwa donge, kisha wanaupaka majimaji ya kinywani na ya nyuma. Jike anataga pembeni kwenye udongo, watoto wakianguliwa wanaingia kwenye donge na kulishwa na wazazi wote wawili, mdomo kwa mdomo. Nyama hiyo inabidi idumu siku kadhaa ndani ya udongo wenye unyevu. Nyama nyingine ya ukubwa huo mahali pale ingekuwa imeoza na kuvimba.

Kwenye majimaji ya nyuma mna lisozaimu. Ni kimeng'enya cha jamii ileile iliyomo kwenye machozi yetu na ute wa yai, ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, kabla ya penisilini. Lisozaimu inakata ukuta wa bakteria. Chembe zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana machozi yako hayakuchubui. Hapo ndipo tofauti na jiki ilipo: silaha inalenga kitu ambacho adui anacho na wewe huna. Penisilini nayo inafuata njia hiyo hiyo ya ukuta.

Wadudu hawa hawatoi lisozaimu muda wote. Kabla ya kupata mzoga ni kidogo sana, wakipata inapanda ghafla, watoto wakikua inashuka. Sheena Cotter na Rebecca Kilner huko Uingereza walionyesha kwa nini: ina gharama. Jike aliyelazimika kuitoa kwa wingi alipata watoto wachache katika maisha yake yote. Na jike akijeruhiwa mwenyewe, ile ya kupaka mzoga inapungua, kwa sababu mwili umeelekeza nguvu kwenye kidonda chake.

Halafu mwaka 2018 kundi la watafiti wa Jena, Ujerumani, likatazama vijidudu gani vinabaki kwenye mzoga uliotunzwa. Walikuta mzoga haujawa tasa. Bakteria waharibifu wamepungua, na mahali pao pamechukuliwa na vijidudu vya tumboni mwa mbawakawa, pamoja na hamira ya jenasi *Yarrowia*, na kemikali za kuoza zimeshuka. Mdudu anapalilia kama mkulima, hachomi shamba. Sisi hospitalini kwa miaka mingi tumechoma shamba, na sahani zangu ndiyo majivu yake. Kwa hiyo HesabuKali, hata kama harmonini isifike kwenye rafu ya RafuYaDawa kamwe, bado kuna la kujifunza katika namna wanavyotumia: kidogo, mahali panapotakiwa, kwa muda unaotakiwa, na kwa mchanganyiko. Na mchanganyiko unamjibu pia UkunguMweupe, kwa sababu kiumbe aliye na jibu la kinoni si lazima awe na la lisozaimu. Katika mwili wa yule kibibi wa Asia zimeonekana jeni zaidi ya 50 zinazoelekea kutengeneza peptaidi, yaani protini fupifupi, za kupambana na vijidudu, mbali na harmonini yenyewe.

HesabuKali

Hapo nimekuelewa. Ile ya ukuta ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta. Endelea mkuu.

MsomiWaWadudu

Habari zenu. Nasoma shahada ya pili, entomolojia, yaani elimu ya wadudu. Darubini aliuliza mwanzoni kuhusu wa kwetu, naleta mmoja: *Lagria villosa*. Mwili una manyoya mafupi na mng'ao wa shaba, urefu sentimita moja na ushee, yuko kwenye majani ya mazao mengi na kwenye takataka za majani chini. Ni Mwafrika halisi.

Jike anataga mayai kwenye udongo na majani yanayooza, mahali ambapo ukungu ungeyamaliza. Lakini nyuma karibu na njia ya mayai ana vifuko vidogo vyenye bakteria *Burkholderia gladioli*. Yai linapopita linapakwa bakteria hao. Watafiti walipoyaondolea mayai bakteria na kuyawekea ukungu, ukungu uliota juu yake. Yenye bakteria yalibaki safi zaidi. Kemikali mojawapo inayofanya kazi hiyo ikapewa jina la mdudu mwenyewe, lagriamaidi. Matokeo yalitoka 2017 na 2018. Kinachoshangaza ni kwamba *Burkholderia gladioli* kwa asili ni ndugu wa bakteria wanaoozesha mimea, hapa amegeuzwa mlinzi wa mayai.

Sasa sikilizeni mbawakawa waliotumika walitoka wapi. Brazil. Mdudu wetu alifika huko bila kualikwa, akarekodiwa miaka ya 1970, akajaa kwenye mashamba ya soya, na huko ndiko alikokusanywa na kupelekwa Ujerumani. Silaumu mtu, kazi yao ni nzuri mno na nimeisoma mpaka mwisho. Lakini nilipotazama ramani ya makazi yake ya asili niliona wilaya yetu imo ndani, na mimi nimempita tangu utotoni nikienda kuchota maji.

BinChwaka

Assalaam alaykum. Huku Unguja na Pemba kichocho chetu ni cha mkojo, mtoto anakojoa damu. Hiyo harmonini imejaribiwa kwa hicho? Maana dawa tunayopewa skuli ni ile ile prazikwanteli kila mwaka.

Darubini

Waalaykum salaam. Utafiti wa 2019 ulikuwa kwa *Schistosoma mansoni*, kichocho cha tumbo, kile cha Kanda ya Ziwa. Cha kwenu ni *Schistosoma haematobium*. Ni ndugu, ila matokeo ya mmoja hayahamishwi kwa mwingine bila kupimwa, kwa hiyo siwezi kukwambia kinafanya kazi.

Hofu yako kuhusu dawa moja naielewa. Prazikwanteli bado inafanya kazi, watoto waendelee kuipokea. Udhaifu wake ni kwamba inawaua minyoo wakubwa, wale wachanga walioingia mwilini karibuni inawaacha wakue. Ndiyo maana kila kemikali inayogusa minyoo hawa kwa njia tofauti inafaa ifuatiliwe, hata ikitoka gotini mwa kibibi.

FundiGhala

Nimewaita vijana wangu ghalani tukasoma wote. Magunia matatu ya unga tumeyatenga, hayauzwi. Swali langu kwa huyo binti msomi: sisi tunaona mbawakawa wa kila namna kwenye nafaka, mabaki na kuta. Tukikusanya utawataka? Na tuwawekeje?

MsomiWaWadudu

Nitawataka sana mzee, shikamoo na asante. Kwa ajili ya kuwatambua, waweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, kila aina na chupa yake. Ndani weka kikaratasi ulichoandika kwa penseli: mahali, tarehe, na alikuwa kwenye nini, mahindi, ulezi, unga au ukuta. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti na chupa inabaki bila jina. Kwa kuchunguza majimaji yenyewe anatakiwa mdudu hai, huyo msimguse kwa mkono mtupu, mfunikeni kwa kikombe na kupenyeza karatasi chini yake. Wale warefu wenye mistari mikali myeusi na myekundu au ya njano wanaokula maua, waacheni kabisa, wana sumu iitwayo kantharidini na kiasi kidogo sana kikiingia tumboni kinaua.

Na kwa wote: sampuli zikitoka nje ya nchi ziwe na kibali na makubaliano ya maandishi. Itifaki ya Nagoya ipo tangu 2010, inazungumzia mgawanyo wa faida itokanayo na viumbe wa nchi husika, bakteria wao wakiwemo. Msimamizi wangu amekubali tuanze na *Lagria*. Dada yeyote au kaka mwenye shamba la maharage au soya Morogoro, Iringa au Mbeya aliyewaona, anitumie ujumbe humu ndani.

MamaKunde

Binti, hao wenye mng'ao wa shaba na manyoya ninao kwenye maharage, mstari wa chini karibu na mto. Njoo Jumamosi, kuja mapema kabla jua halijawa kali, maana likichomoza sana wanashuka chini kwenye majani.